Baiskeli ya Kimo cha Mwenyewe Katika Mji wa Rochester

Mto Genesee huanzia katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, ukaelekea kaskazini kwa kupitia mashamba na mabonde ya jimbo la New York, mpaka ukaingia katika Ziwa Ontario. Kabla ya kufika ziwani huupasua mji wa Rochester, na hapo katikati ya mji, karibu na maofisi na majengo ya zamani ya viwanda, maji yake huporomoka kutoka kimo cha mita 29 hivi. Wakati wa masika, theluji inapoyeyuka, mgeni huusikia mngurumo wa maporomoko hayo kabla hajayaona.

Mji ulikua kwa sababu ya maji hayo. Yalizungusha mawe ya kusagia ngano, na Mfereji wa Erie, uliokamilika mwaka 1825, ukauchukua unga kwa mashua mpaka Mto Hudson, na kutoka huko mpaka bandari ya New York. Watu wakauita Mji wa Unga. Baadaye, vinu vilipopungua na bustani za miche na maua zilipoongezeka, wakauita Mji wa Maua. Na kwa kuwa katika Kiingereza maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa, hakuna aliyelazimika kugeuza ulimi.

Lakini sifa ya Rochester iliyovuka bahari haikutokana na unga wala maua, bali na kazi za vipimo. Kampuni ya Bausch & Lomb ilianza hapo mwaka 1853 na ikajulikana kwa miwani na vioo vya darubini. George Eastman alianzisha hapo kamera za Kodak, ambazo ziliingia hata katika nyumba za watu wasiojua Rochester iko wapi. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ndogo iliyoitwa Haloid, ambayo baadaye ilipewa jina la Xerox, na mashine yake ya kutoa nakala iliyotangazwa mwaka 1959 ilibadili kazi za maofisi duniani kote. Karani yeyote aliyewahi kupiga taipu barua moja mara nne anaijua neema hiyo. Viwanda hivyo havina tena nguvu ya zamani. Kodak yenyewe iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Januari 2012. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja mji huo ulilea watu ambao nusu ya milimita kwao si kitu kidogo.

Katika Mtaa wa Madison, nyumba namba 17, aliishi Susan B. Anthony, mwanamke aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Mwezi Novemba 1872 alikwenda kituoni akapiga kura kama raia mwingine, akakamatwa, na mwaka uliofuata hakimu akamtoza faini ya dola 100. Hakuilipa kamwe. Mwaka 1896, akiwa bibi wa miaka zaidi ya sabini, alihojiwa na mwandishi wa habari Nellie Bly, akamwambia kwamba baiskeli imefanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote duniani katika kuwakomboa wanawake. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi, na kwa haki. Kwa baiskeli mwanamke aliweza kutoka nyumbani bila kungoja farasi, mkokoteni wala mwanamume wa kumsindikiza.

Hakusema, wala haikuwa kazi yake kusema, kwamba baiskeli hiyo ilikuwa imepimwa kwa mwili wa nani.

Hapo hapana budi kurudi nyuma kidogo. Baiskeli zilizotangulia zilikuwa na gurudumu moja kubwa mno mbele na jingine dogo nyuma, na pedali zilifungwa moja kwa moja katika gurudumu lile kubwa. Mnunuzi wa chombo hicho alipimwa mguu kwanza, kwa sababu ukubwa wa gurudumu ulitegemea urefu wa mguu wake. Mtu mrefu alipata gurudumu kubwa na mwendo mkali. Mfupi alipata dogo akaachwa nyuma. Mashindano hayakuwa ya haki, lakini kila mtu alipanda chombo kilichomwenea. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yake iliyoitwa Rover, yenye mnyororo wa kulizungusha gurudumu la nyuma. Mnyororo ulipochukua kazi ya kuleta mwendo, gurudumu halikuhitaji tena kulingana na mguu. Viwanda vilipata nafasi ya kutengeneza magurudumu ya saizi chache kwa maelfu, na fremu peke yake ikaachiwa jukumu la kumfuata mwenye baiskeli.

Baiskeli ya namna hiyo ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki: ile nyeusi, nzito, yenye magurudumu ya inchi 28, iliyotoka Uingereza na baadaye India na China. Imebeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, wagonjwa na maharusi. Katika mpaka wa Busia, baina ya Uganda na Kenya, ilizaa kazi ya boda boda kabla pikipiki hazijainyang'anya kazi hiyo. Uimara wake hauna mpinzani. Lakini ilijengwa kwa mtu wa miguu mirefu, na asiye na miguu hiyo ameshughulika nayo kwa namna zake. Mtoto hupitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu, akaning'inia ubavuni mwa baiskeli kama popo, na bado akafika dukani na kurudi na chumvi. Mtu mzima hawezi kufanya hivyo mbele ya watu. Fundi humshushia kiti mpaka kikakaa juu ya fremu, na hapo ujuzi wa fundi huwa umekwisha. Yeye huendelea na safari akiyumbisha nyonga kulia na kushoto, akizitafuta pedali. Jioni akilalamika kiuno, huambiwa kwamba hajazoea.

Malalamiko ya namna hiyo ndiyo yaliyosikika Rochester mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mhandisi wa mitambo aitwaye Georgena Terry, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Xerox, alikuwa amejifundisha kuunga fremu za baiskeli nyumbani kwake. Wanawake waliopanda baiskeli za mwendo kasi, zile nyepesi zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, walieleza maumivu yaleyale: shingo, mabega, na viganja vilivyokufa ganzi. Wengi walidhani kasoro ni ya miili yao. Terry akachukua kazi ya kupima, kama ilivyokuwa desturi ya mji wake, na vipimo vikaonyesha kwamba kasoro ilikuwa ndani ya chombo.

Ili msomaji alielewe jambo hili, na afuate hesabu chache zisizo ngumu. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya mwendo kasi, pamoja na tairi lake jembamba, lina upana wa sentimita 67 kutoka ukingo hadi ukingo. Nusu yake ni 33 na nusu. Mkono wa pedali kwa kawaida una urefu wa sentimita 17. Ncha ya kiatu hutangulia mbele ya kitovu cha pedali kwa sentimita 10 hivi. Ukijumlisha hayo matatu utapata sentimita 60 na nusu. Basi kama umbali kutoka mhimili wa pedali mpaka kitovu cha gurudumu la mbele haufiki hapo, kiatu kitagusa tairi wakati mpandaji anapogeuza usukani. Katika mwendo wa kasi usukani hugeuzwa kidogo sana, na hatari haionekani. Lakini anapokata kona polepole, mathalan kumkwepa mtoto au shimo, ncha ya kiatu hukwama kwenye gurudumu, naye huanguka ubavu pale pale, mara nyingi katikati ya barabara.

Sasa chukua mpandaji mwenye kimo cha sentimita 155. Mikono na kiwiliwili chake vinataka usukani uwe karibu. Ukiusogeza usukani, gurudumu nalo hurudi nyuma, na ule umbali wa sentimita 60 hupotea. Viwanda vilijua hivyo. Vikatumia hila ambayo kwa macho ya mnunuzi ilionekana kuwa huruma: bomba linaloshika kiti likasimamishwa wima zaidi, na uma wa mbele ukalazwa ili gurudumu lisogee mbele. Ukipima bomba la juu kwa utepe, kweli ni fupi, na tangazo la biashara husema baiskeli ni ndogo. Lakini bomba la kiti likisimamishwa kutoka digrii 73 mpaka 75, kiti husogea mbele kwa sentimita mbili na zaidi kidogo. Mpandaji hujikuta amekaa juu ya pedali badala ya kuwa nyuma yake, uzito wake wote umeangukia viganjani. Ili apate nafuu hurudisha kiti nyuma, na kwa kitendo hicho zile sentimita mbili alizouziwa kama upungufu hurudi zote. Baiskeli ni ileile ndefu. Amelipia udogo ulioandikwa kwenye karatasi.

Askari hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua buti linalozidi mguu kwa saizi moja hufanya nini baada ya kilomita kumi za mwendo. Jeshi la Marekani, ambalo nalo lina shida ya kuwavika watu wengi kwa saizi chache, lilipima miili ya askari wake katika miaka ya 1987 na 1988: wanaume 1,774 na wanawake 2,208, kila mmoja kwa vipimo zaidi ya mia. Wastani wa kimo cha wanaume ulikuwa sentimita 175 na kidogo. Wa wanawake 163 hivi. Zamani ilisemwa sana katika biashara ya baiskeli kwamba wanawake wote wana miguu mirefu na viwiliwili vifupi, na maneno hayo yaliuza bidhaa nyingi. Vipimo havikuliunga mkono jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho. Tofauti kubwa ni kimo chenyewe, halafu tofauti ya mtu na mtu: askari wawili waliosimama bega kwa bega gwarideni, vichwa vyao sawa, wanaweza kutofautiana miguu kwa sentimita tano. Mwanamume mwenye sentimita 160 yumo katika shida hii kama mkewe, ila yeye hulalamika kwa sauti ndogo zaidi.

Dawa ya Terry ilikuwa kuigusa sehemu ambayo viwanda viliiacha bila kuguswa, yaani gurudumu. Mwaka 1985, miaka mia moja kamili baada ya Rover ya Starley, alianzisha kampuni yake, Terry Precision Bicycles. Katika baiskeli zake za saizi ndogo gurudumu la nyuma lilibaki la kawaida na la mbele likawa la inchi 24. Nusu ya gurudumu hilo, pamoja na tairi, ni sentimita 28 na kidogo. Irudiwe ile hesabu ya kwanza na itaonekana kwamba sentimita tano zimepatikana kwa mpigo mmoja. Usukani sasa waweza kusogea karibu bila gurudumu kuingia njia ya kiatu, bomba la kiti likabaki na mlalo wake wa digrii 73, na kichwa cha fremu kikashuka ili usukani usiwe juu ya kifua. Baiskeli hiyo haikuwa na sura ya kumpendeza mtu aliyezoea magurudumu mawili sawa. Ilikumbusha, kwa kinyume, zile za zamani zenye gurudumu kubwa mbele.

Anayetaka fremu iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake, Rochester au popote penye fundi wa kazi hiyo, huanza kwa kusimama ukutani bila viatu. Fundi humpa kitabu chenye jalada gumu akibane juu kabisa katikati ya mapaja, kisha hupima kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka sakafuni. Huo ndio urefu wa mguu, wala haulingani na namba iliyoshonwa ndani ya suruali. Hupimwa kiwiliwili, mkono kutoka bega hadi ngumi iliyofumbwa, upana wa mabega, na saizi ya kiatu. Fundi mwema huuliza pia habari za majeraha ya zamani, na humwambia mtu ainame agusa vidole vya miguu, kwa maana mgongo mgumu hautanyooka kwa sababu ya mchoro mzuri. Baada ya hapo mchoro hufanywa juu ya karatasi kubwa, kwa ukubwa wa baiskeli yenyewe. Ndani yake huonyeshwa hata kiatu.

Mabomba ni ya chuma cha feleji. Yaliyopata sifa kubwa kwa miaka mingi ni yale ya Reynolds 531 ya Birmingham, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1935, ambayo kuta zake ni nene miisho yote miwili, mahali pa kuungia, na nyembamba katikati. Kwa mpandaji mwepesi fundi huweza kuchagua mabomba membamba zaidi, na hapa ndipo mtu mdogo anapopata haki yake mara ya pili. Fremu ngumu iliyokusudiwa mtu wa kilo 90 humtikisa mwenye kilo 50 kama mzigo uliolegea juu ya lori. Ncha za mabomba hukatwa kwa msumeno, kisha huchongwa kwa tupa mpaka ziwe na umbo la mdomo wa samaki, ili bomba moja likumbatie jingine bila kuacha mwanya. Kazi hiyo huchukua muda kuliko kuunga kwenyewe. Fundi huinua viungo kwenye mwanga. Akiona mstari wa mwanga ukipenya, hurudi kwenye tupa.

Mabomba hubanwa katika kiunzi kinachoshika pembe zote, hupakwa dawa ya kuzuia kutu la moto, na kupashwa joto mpaka yawe mekundu. Ufito wa shaba huyeyuka na kunywewa ndani ya kiungo, kama mafuta yanavyonywewa na utambi. Ikitumika fedha badala ya shaba, joto hupungua, na chuma chembamba huumia kidogo. Ghali yake ni kubwa zaidi. Joto likizidi, chuma huungua na kupoteza nguvu bila kuonyesha alama yoyote nje. Ndiyo maana mtu hununua jina la fundi pamoja na kazi yake. Fremu ikishapoa hulazwa juu ya meza ya chuma iliyonyooka kabisa na kupimwa kama imepinda, kisha rangi hufuata.

Mikono ya pedali hukatazwa kubaki ya sentimita 17 kwa mazoea tu. Kwa mguu mfupi zipo za 16 na za 15 na nusu, na goti linaloinuka kidogo humshukuru mwenyewe miaka mingi baadaye. Vishikio vya breki navyo husogezwa karibu na usukani, kwani kidole kisichofika breki mlimani si jambo la mzaha. Rochester yenyewe ni tambarare upande wa ziwani, lakini ukielekea kusini, kwenye yale maziwa membamba yanayoitwa Finger Lakes, barabara hupanda na kushuka, na wapandaji wa mji huenda huko kupima nguvu zao.

Gurudumu dogo lina madai yake pia. Huingia zaidi katika shimo ambalo kubwa lingelivuka. Tairi lake jembamba la inchi 24 halipatikani katika kila duka, na msafiri hulazimika kubeba mipira ya ndani ya saizi mbili. Katika mashindano ya barabarani yanayosimamiwa na chama cha kimataifa cha mchezo huo, magurudumu yote mawili lazima yawe sawa, kwa hiyo mshindani mfupi hawezi kujinufaisha kwa njia hii. Mafundi wengine hupendelea kupunguza magurudumu yote mawili kwa kadiri, sura ikabaki ya kawaida, na siku hizi baadhi ya viwanda vikubwa navyo hufanya hivyo katika saizi zao ndogo kabisa. Lakini katika maduka mengi fremu ndogo bado ni ile ndefu iliyosimamishwa bomba lake la kiti.

Kampuni ya Terry ilihamia baadaye Burlington, katika jimbo la Vermont, na ikajulikana zaidi kwa nguo za wapandaji wanawake na kwa viti vyenye uwazi katikati. Theluji ya Rochester, ambayo kwa majira mazima huweza kufikia mita mbili na nusu, haikuhama. Tangu Desemba baiskeli nyingi huning'inia kwenye kuta za vibanda zikingoja.

Masika yakifika, njia iliyopita nyumbu waliokokota mashua za Mfereji wa Erie hujaa wapandaji. Siku hizi ni njia ya baiskeli na waendao kwa miguu, na huunganisha miji ya Albany na Buffalo kwa mwendo wa kilomita 580 hivi, ikipita vijiji vya Fairport na Pittsford mlangoni mwa Rochester. Baiskeli za gurudumu dogo mbele si nyingi huko, na zilizobaki nyingi ni za miaka ya themanini na tisini, rangi zimechunika. Hutambulika upesi zinaposimama kungoja daraja liinuliwe na mashua ipite. Wengine huinamisha baiskeli zao upande mmoja, mguu mmoja chini na mwingine hewani. Mwenye gurudumu dogo husimama wima juu ya fremu yake, nyayo zote mbili zimetua chini.